Tundu la Nondo

Ng'ambo, Tabora
4 Februari 2023

Mwanangu Mustafa,

Salaam aleikum, wewe na mkeo Ziada na wote mlio nao hapo Ujiji. Huku tumeamka, na kuamka ni jambo la kushukuru. Mvua ni nzuri, uyoga umejaa sokoni, na miguu yangu inauma kama kila masika. Jicho la kushoto ndilo lililozidi ukungu. Barua hii naiandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa chuoni, usinicheke. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe huitikia "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi" huku unamhudumia mteja wa duka lako la uchapaji, na hili ninalotaka kukuambia linataka mtu akae chini.

Mdogo wako Tunu anakusalimu kutoka Urambo. Mwaka wa sita huu yuko kwenye ndoa na bado hajapata mtoto. Mumewe hana neno, ila mama mkwe ameanza kusema mbele ya wageni kwamba mti usiozaa hufaa kuni. Tunu anacheka nao. Mimi niliyemlea najua kicheko hicho.

Sasa nisikilize. Babu yenu Maalimu Omari aliandika makombe hapa Ng'ambo maisha yake yote, nawe ulikuwa unamsagia zafarani. Maneno ya Mungu kwa zafarani na marashi, kwenye sahani au karatasi, mgonjwa anayaosha kwa maji na kuyanywa. Wiki aliyofariki aliandika karatasi moja ya mwisho, akanitia mkononi, akasema ni ya binti wa nyumba hii atakayechelewa kupata mtoto. Nimeitunza sandukuni. Juzi nimeifungua nikakuta nondo wametoboa pembeni, tundu la kupitisha punje ya mtama. Nimeogopa. Nimeamua imwendee Tunu kabla wadudu hawajaimaliza.

Ila ikishaoshwa, mwandiko wa baba yangu umekwisha duniani. Sina mwingine. Kwa hiyo nakutumia kwa mkono wa Zablon, yule anayefanya kazi kwenye treni. Nichapie nakala moja ya kuweka ukutani, uipake hayo madawa yenu isiharibiwe na maji wala moshi. Karatasi yenyewe irudishe kama ilivyo. Usiipake kitu, usiikunje.

Michembe ya viazi vikavu na asali ni ya Ziada, usiimalize wewe.

Shangazi yako anayekuombea asubuhi na jioni,
Batuli


Ujiji, Kigoma
1 Machi 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimekaa, kama ulivyotaka. Joto hapa ni kali na ziwa limetulia, dagaa wamekuwa wengi mpaka wanauzwa kwa bei ya chumvi. Nimekuwekea furushi, pamoja na mawese. Ziada si mzima sana. Ile mimba tuliyokudokeza imeharibika mwezi uliopita, na hii ni ya tatu. Anakaa kitandani anatazama ukuta. Tusilizungumze sana.

Karatasi ya Babu imefika salama. Nimeipitisha kwenye skana na nakala ya ukutani iko ndani ya bahasha hii, katikati ya vipande viwili vya boksi. Naomba nikueleze nilivyoifanya, maana hata wateja wangu hawaniulizi. Wino wa printa yangu ni wa maji. Ukitoka kwenye mashine unapendeza, lakini tone moja la jasho linautawanya. Wengi wanajua laminesheni ya plastiki tu. Hiyo ukikata kingo karibu mno, maji huingia pembeni na karatasi ikavimba ndani kwa ndani, ikaoza huku juu inang'aa. Mimi nimetumia vanishi ya kupuliza. Unaacha wino ukauke siku nzima. Unapuliza kwa mbali, ukungu tu, unangoja, unapuliza tena. Ukiwa na papara ukamwaga nyingi kwa mara moja, vanishi yenyewe inauyeyusha wino. Unapaka mbele, nyuma, na kingo zote. Wauza samaki wa mwaloni, kule mitumbwi inakotua, wana vibao vyao vya bei nilivyovipaka hivi, wanavimwagia maji kila siku na havijatoka herufi. Nimechagua vanishi isiyong'aa, ili ukuta wako uwe na karatasi, sio plastiki.

Karatasi yenyewe niachie kidogo. Nataka kuipiga picha tena kwenye mwanga wa jua, ile ya kwanza haikunipendeza sana.

Tunu mwambie namkumbuka.

Mwanao,
Mustafa


Ng'ambo, Tabora
19 Machi 2023

Mwanangu,

Marahaba, na salaam zirudi kwenu mara mbili. Dagaa nimepokea, nusu nimegawia majirani ili wajue nina mtoto Kigoma. Pole yangu kwa Ziada haitoshi kuandikwa. Lakini mbona hukuniambia mapema? Mimba tatu, mwanangu, na mimi najua hii ya mwisho tu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kama Ziada anataka kombe nitamwandikia kwa mkono wangu mwenyewe, jicho moja linatosha. Maustadhi vijana wa siku hizi wananiambia mambo haya ni bidaa, uzushi katika dini, nami nawaambia waje nikiwa nimekufa. Wewe sema tu neno moja.

Nakala nimeitundika sebuleni. Wallahi ni mwandiko wa baba. Nimeifuta kwa kitambaa kibichi mbele ya majirani, haikutoka hata nukta, wakakusifu mpaka nikaona haya. Hata tundu la nondo mashine imelichukua, linaonekana kama doa jeusi pembeni. Jirani mmoja alijaribu kulikwangua kwa ukucha akidhani ni kinyesi cha nzi.

Sasa nirudishie ile yenyewe. Tunu nimeshamwambia, na mkwewe ameshasikia. Ameniambia mama huyo, kwa sauti ya kusikika uani, kwamba kombe la Maalimu Omari litaonyesha ukweli uko wapi. Sikuipenda kauli ile. Tunu amefurahi. Ameniuliza kama Babu alimtaja kwa jina, nikamwambia alitaja binti wa nyumba hii, na mabinti wa nyumba hii ni mimi na yeye, na mimi nimeshazeeka.

Usikawie.

Shangazi yako,
Batuli


Ujiji, Kigoma
30 Aprili 2023

Shangazi,

Shikamoo. Unisamehe kwa kukawia, kazi zilikuwa nyingi, kadi za harusi za baada ya Ramadhani zilinikalia kichwani. Sisi wazima. Ziada anatoka kitandani sasa, jana alipika. Anakushukuru sana sana, anasema Mungu akulipe.

Karatasi ya Babu ndiyo hiyo kwenye bahasha ya kaki. Naomba usiishike mara kwa mara.

Shangazi, nilikuwa nafikiri. Tunu asiwekewe matumaini makubwa. Karatasi ni ya zamani, na mtoto hutoka kwa Mungu. Kama mngeiosha wenyewe wawili, hapo nyumbani kwako, bila watu, ningeona ni vizuri zaidi.

Mustafa


Ng'ambo, Tabora
12 Juni 2023

Mwanangu Mustafa,

Salaam aleikum. Umande umeanza, nalala na blanketi mbili. Wazima wapo, na ninakushukuru kwa mawese uliyompa Zablon. Ziada mwambie michembe aliyonishukuria nitamtumia mingine.

Nilikwenda Urambo mwenyewe na karatasi. Ushauri wako niliuona, lakini mama mkwe wa Tunu alikataa mke wa mwanawe atoke nyumbani kwa jambo hilo. Alitaka liwe mbele yake. Aliita na wifi zake Tunu, na jirani wawili, wakakaa kwenye mkeka kama wanaongoja hukumu. Nikatia maji kwenye bakuli jeupe. Nikampa Tunu karatasi aitie kwa mkono wake. Akaishika, akaisogeza karibu na uso, akakaa hivyo kidogo, kisha akanitazama. Nilidhani anabusu jina la Mungu. Akaitia majini.

Haikutoka kitu. Tulisoma dua, tukangoja. Nikaongeza marashi. Nikaipapasa kwa kidole changu, maneno ya baba yangu yakabaki chini ya maji yamesimama wima, na maji meupe kama yalivyotoka mtungini. Mwishowe mkwewe akainuka, akajifunga khanga upya, akasema: "Basi. Hata babu yake amemkataa."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu.

Unajua watu wetu wanavyoamini. Kombe likigoma, mwenye kasoro si karatasi. Mtaa mzima sasa unasema Tunu ana jambo alilolifanya na amelificha. Na mimi, Mustafa, mimi niliyemwogesha mtoto yule, nilimvuta kando nikamwuliza kama kuna kitu hajatuambia. Akasema, "Hapana, shangazi," akaenda kuosha vyombo. Tangu siku ile silali vizuri. Mumewe hataki kula chakula anachopika.

Nakuuliza wewe kwa sababu karatasi ilikaa kwako. Kuna kitu ulikipaka? Hata kama ni kwa nia njema, kwa kuogopa nondo, niambie. Nitapanda treni nirudi Urambo niwaeleze wale wanawake, na itakuwa imekwisha. Ninachotaka ni neno hilo moja.

Shangazi yako,
Batuli


Ujiji, Kigoma
20 Agosti 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa kunifikia, halafu mashine iliharibika, halafu nilikuwa na safari ya Kasulu. Nisamehe. Nina habari njema: Ziada ni mjamzito, mwezi wa nne umeingia, na mara hii daktari anasema mtoto ameshika vizuri. Sikutaka kutangaza mapema, unajua tulikotoka. Anakushukuru tena. Nimemkataza kubeba hata ndoo.

Juu ya lile jambo la Urambo, nimesikitika. Kwa ninavyojua mimi, zafarani ikikaa miaka mingi kwenye karatasi hushikamana nayo na kuacha kutoka. Ni mambo ya rangi tu, wala si mambo ya mtu kukataliwa. Unaweza kuwaambia hivyo.

Nimetuma kitenge cha Tunu, kipande kizima, cha Kongo halisi. Simu yake naona haipatikani. Amebadilisha namba?

Mustafa


Ng'ambo, Tabora
8 Oktoba 2023

Mustafa,

Salamu zako zimefika. Tunu hajabadilisha namba. Simu amenyang'anywa, na sasa yuko hapa kwangu na sanduku lake.

Ameachwa. Mumewe aliandika kwa kalamu ya kawaida, mistari mitatu, na mama yake akaichukua karatasi akaipeleka kwa mwenye duka la steshenari ikapigwa laminesheni, isije ikasingiziwa mvua. Nimeishika talaka ya dada yako. Ni ngumu, ina kona kali, na imeacha ukingo mpana pande zote kama ulivyonifundisha, maji hayatapita. Kitenge chako kipo juu ya kabati, hajakifungua.

Sasa nakwambia lililotokea jana baada ya adhuhuri. Karatasi ya Babu mkwewe aliitupa jalalani, Tunu akaiokota, akaja nayo. Nilikuwa nailalamikia. Nilikuwa nasema baba yangu alikosa nini kuniaibishia mtoto. Tunu akaitandika mezani, akanishika kidole kama mtu anavyomshika kipofu, akakipeleka mpaka pembeni, penye tundu la nondo.

"Papasa, shangazi."

Nikapapasa. Kidole kikapita laini kama juu ya sahani. Nikachukua sindano, nikatafuta tundu kwa ncha, sindano ikateleza. Mustafa, hakuna tundu. Ni picha ya tundu. Ni doa jeusi, lile lile lililoko ukutani kwangu, na mimi kwa jicho langu hili nilibeba picha mpaka Urambo nikamwapisha mtoto wa watu mbele yake.

Nikamwuliza Tunu amejua lini. Akasema, "Pale pale kwenye bakuli. Ilikuwa inanuka duka la kaka." Nikamwuliza kwa nini hakufungua kinywa wakati anatukanwa. Akajibu huku anapepeta mchele: "Ningesema, wangeniacha vilevile, na kaka angeitwa mwizi juu yake. Nikaona mmoja anatosha."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nawalaumu nondo.

Mara mbili Ziada amenishukuru, na mimi nikadhani ni michembe. Sina haja ya kuambiwa karatasi iko wapi, hesabu hiyo mwanamke yeyote anaiweza. Lakini nataka uiandike wewe, kwa mkono wako, na usiniletee habari za zafarani ya zamani. Nilikuambia useme neno moja tu nimwandikie mkeo. Nilikuwa tayari. Ulikuwa na shangazi mzima mwenye zafarani ndani ya nyumba, ukaamua kumwibia dada yako.

Batuli


Ujiji, Kigoma
5 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaitikia.

Ziada aliinywa. Ilikuwa siku ileile nilipokutumia nakala ya ukutani. Nilirudi nyumbani nikamkuta amelala chini, si kitandani, chini kwenye saruji, ameegemeza shavu. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia, shangazi amekutumia hii. Akakaa. Akatabasamu. Shangazi, sikuwahi kumwona akitabasamu tangu mwaka jana. Nikaleta bakuli. Ilipogusa maji tu ikaanza kutoka, maji yakawa ya njano, na mimi nilitazama mwandiko wa Babu ukiondoka nikajua nimefanya nini, na sikumzuia.

Kwa nini sikukuomba? Kwa sababu ile ilikuwa ya Babu. Yako ningeiamini kesho yake. Yake niliiamini pale pale. Huo ndio ukweli na ni mbaya.

Jambo moja naomba ulijue, si la kujitetea. Ile nakala ya pili ningeweza kuiacha bila vanishi. Wino wa printa ungetoka majini, maji yangebadilika rangi, Tunu angekunywa, na mpaka leo pasingekuwa na mtu anayejua. Nilikuwa nimeshaitia kwenye bahasha hivyo. Halafu nikafikiria dada yangu anakunywa wino wa mashine. Kwenye chupa wameandika usimezwe. Nikashindwa. Nikaitoa nikaipuliza, mbele, nyuma, na kingo. Nilijiambia haitatoka, watasema karatasi imezeeka, wataiacha. Sikumfikiria mkwewe. Nilidhani namkinga.

Nitakwenda Urambo. Nitasimama nyumbani kwao niseme yote. Ziada bado hajui kitu. Na mtoto, akiwa wa kike, nataka nimwite Tunu, kama mtaniruhusu.

Niambie nifanye nini kingine.

Mustafa


Ng'ambo, Tabora
3 Desemba 2023

Mustafa,

Marahaba. Nimeitikia, kwa kuwa salamu ni deni la Mungu na wewe huhusiki.

Mvua zimeanza. Paa linavuja upande wa jikoni. Tunu amepanda karanga uani na anafundisha watoto wa jirani kusoma. Usiku anakula vizuri. Barua yako alisomewa, alikataa kuisoma mwenyewe.

Urambo nenda. Mumewe ameshaoa, mke mpya alifika na vyombo vyake wiki aliyotoka Tunu, kwa hiyo ndoa huendi kuirudisha. Unakwenda kurudisha jina. Chapa karatasi mbili, moja uipake na moja usiipake, uzitie kwenye bakuli lile lile mbele ya wanawake wale wale wa mkeka ule, waone kwa macho yao. Usimtume Zablon. Usitume kitenge.

Ziada usimwambie mpaka ajifungue salama. Yeye hakuiba, alipewa maji akanywa. Siku zikifika nitamwombea kama mwanangu, na hiyo si huruma juu yako.

Jina usilitumie. Tunu amesema lina mwenyewe na bado analihitaji.

Hilo la wino nimelifikiri sana. Ni kweli, ulimkinga tumbo. Nimekuwa nikilitafuta hilo neno lako ndani ya barua ile kila siku, nione kama litanifariji, na linanikasirisha zaidi. Maana yake ulimpenda. Ulipokuwa unapuliza ile vanishi ulikuwa unampenda dada yako, na ukaendelea kupuliza. Angenidanganya adui ningepona mapema.

Nakala ya ukutani nakurudishia humu humu, katikati ya vipande vile vile vya boksi ulivyoileta navyo. Nimeifuta kwa kitambaa cha maji kabla ya kuifunga, kwa mazoea, haikutoka hata nukta. Kazi yako ni nzuri. Tundika dukani wateja waone. Mimi baba yangu sina tena, nina alama ya msumari ukutani.

Tunu ameniomba nimfundishe kuandika makombe. Nimemwambia mkono wangu si wa Babu. Akasema wake nao si wangu, tuanze tu. Macho anayo mazima. Asubuhi ya leo ameharibu sahani tatu, na ya nne niliinywa mimi.

Neno la mwisho. Mtoto wako atakapozaliwa, shangazi yake ni Tunu, kama mimi nilivyo wako. Hilo huwezi kulibadilisha na wala mimi siwezi. Atakuja hapa likizo, atalala chumba kimoja naye, atampenda, maana Tunu watoto humpenda. Na siku moja atamwuliza, kama watoto wanavyouliza, mbona shangazi huna mtoto wako. Namjua Tunu. Atanyamaza, kama alivyonyamaza kwenye mkeka.

Siku hiyo ujue ni wewe unayeulizwa.

Aliyekulea,
Batuli binti Omari